Njia za kondoo za Italia: mazoezi yake yanaanzia Kitulo

Swali: Kamwene mzee. Mimi ni kijana wa Makambako, na mwakani nakwenda kusoma Italia. Nimesikia kule kuna njia za kale ambazo wachungaji waliswagia kondoo, na siku hizi watu wanazitembea kwa miguu, hasa ile ya kutoka L'Aquila hadi Foggia. Nimezoea milima ya huku kwetu lakini sijawahi kutembea zaidi ya siku mbili mfululizo. Je, nitaiweza? Nijiandae vipi nikiwa bado nyumbani? Na sisi Nyanda za Juu Kusini hatuna njia za namna hiyo?

Jibu: Kamwene mwanangu. Utaiweza. Kimo cha milima ya kule hakitakutisha hata kidogo. Pescasseroli, mji ambao mojawapo ya njia hizo inaanzia, uko mita 1,167 juu ya usawa wa bahari, na wewe umekulia Makambako, juu zaidi ya hapo. Yatakayokusumbua ni mengine, na mengi yake mfugaji wa bonde la Usangu anayajua kuliko mpanda mlima: maji, mbwa, jua la tambarare, na kupita kwenye ardhi ya watu bila kuzua ugomvi. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kabla sijaanza kuongoza wageni milimani, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza na kondoo ndipo nije kwenye viatu.

Milima ya Abruzzo na Molise, katikati ya Italia, hufunikwa na theluji majira ya baridi na malisho yote hupotea. Kusini yake, mkoa wa Puglia, kuna tambarare kubwa iitwayo Tavoliere inayouzunguka mji wa Foggia. Huko baridi ni ya kuvumilika na majani huwa mabichi hadi masika yao yaishe, kisha jua huyaunguza. Mfugaji wa milimani hakuwa na njia nyingine ila kushusha kondoo wake mwishoni mwa Septemba au Oktoba na kuwapandisha tena Mei. Safari ilichukua wiki mbili hivi, na njia waliyopita ndiyo inaitwa tratturo. Kubwa zake ni ile uliyoitaja, L'Aquila hadi Foggia, kilomita 244. Pescasseroli hadi Candela, kilomita 211. Celano hadi Foggia, kilomita 207. Na Castel di Sangro hadi Lucera, kilomita 127.

Sasa sikiliza upana wake: mita 111. Chukua uwanja wa mpira, ulaze kwa urefu wake kukatisha njia, na bado pembeni patabaki mahali pa kupita. Mtu asiyefuga atauliza kondoo wanahitaji mita zote hizo za nini. Wanazihitaji kwa sababu wanakula wakitembea. Kundi la mamia ya kondoo likiswagwa wiki mbili bila malisho litafika Foggia mifupa mitupu, kama litafika. Kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa ni malisho marefu, ukanda wa majani usioruhusiwa kulimwa, wenye visima, makanisa madogo na nyumba za kupumzikia kila baada ya mwendo fulani. Hili ndilo jambo la kwanza la kuelewa kabla hujafunga begi. Usitegemee kukuta kinjia chembamba kilichochongwa na miguu, kama kile cha kupandia Mlima Rungwe. Mahali pengi utasimama kwenye uwanda wa nyasi, huoni alama yoyote ya mguu, na upo njiani kabisa. Utatafuta mawe ya mpaka yaliyochorwa herufi RT, ambayo ni bikoni za njia ya mfalme, na utatembea katikati yake.

Mfalme anaingiaje? Njia zile ni kongwe kuliko ufalme wowote wa Italia ya leo, lakini mwaka 1447 Alfonso wa Aragon, aliyetawala Napoli, aliweka ofisi maalumu ya kutoza ushuru wa kondoo, na baada ya miaka kama ishirini makao yake yakawa Foggia. Mfugaji alilipa kulingana na idadi ya kondoo, naye akapewa malisho ya Tavoliere na ulinzi wa njia. Hazina ilipata fedha nyingi mno kutokana na sufu na ushuru, na ndiyo maana serikali ilipima njia hizi tena na tena na kuwaondoa waliolima ndani yake. Ofisi ile ilifutwa mwaka 1806, wakati Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon, alipokuwa mfalme wa Napoli. Hapo ndipo jembe lilipoingia Tavoliere kwa nguvu, ngano ikatawala. Baadaye malori yakaja, na siku hizi kondoo wengi wanasafiri kwa gari.

Kwa sababu hiyo nakushauri usianze na L'Aquila hadi Foggia. Jina lake ni kubwa, na mwanzo wake ni mzuri kweli: unaanzia basilika ya Collemaggio, unavuka magofu ya mji wa Kirumi wa Peltuinum, unapita uwanda wa Navelli wanakolima zafarani. Lakini njia ikishaikaribia bahari ya Adriatiki, vipande virefu vimemezwa na barabara za lami, mashamba na majengo. Mgeni wa mara ya kwanza atajikuta pembeni ya barabara, malori yakimpita, akijiuliza kondoo wako wapi. Anza na kipande cha Molise cha ile njia ya Pescasseroli hadi Candela, kuanzia Castel di Sangro kupitia Bojano hadi Sepino. Molise ndiko njia hizi zilikohifadhiwa vizuri zaidi. Serikali ya Italia iliziwekea ulinzi wa kisheria kama mali ya kale mwaka 1976, na zipo sehemu utakazoona mita zote 111 za majani zikipanda kilima na kushuka upande wa pili, mashamba yameishia kulia na kushoto.

Na huko Sepino kuna kitu ambacho peke yake kinatosha kukutoa Makambako. Ni magofu ya Saepinum, mji wa Kirumi ambao wenyeji wanaita Altilia. Tratturo inaingia lango moja, inakuwa barabara kuu ya mji, na inatokea lango la pili. Kwenye lango la upande wa Bojano kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe karibu mwaka 170 baada ya Kristo, wakati wa Kaizari Marcus Aurelius. Ni barua. Wasimamizi wa makundi ya kondoo, na miongoni mwake walikuwamo kondoo wa Kaizari mwenyewe, walilalamika Roma kwamba wakipita Saepinum na Bojano, walinzi na wakubwa wa miji wanawasimamisha, wanawaambia kuwa wao ni watumwa waliotoroka na mifugo yao ni ya wizi, na katika vurugu hiyo kondoo wanapotea. Wakuu wa walinzi wa Kaizari wakawaandikia viongozi wa Saepinum kuwaonya waache mara moja. Barua ikachongwa langoni ili kila apitaye aisome.

Nilipotafsiriwa maneno yale nilikaa pale muda mrefu. Nimewasikia wafugaji wa kwetu wakieleza habari hiyo hiyo: umefika kijiji usichokijua, ng'ombe wana kiu, na mtu anakuuliza kibali kiko wapi na nani amekwambia hawa ni wako. Miaka zaidi ya elfu moja mia nane imepita tangu jiwe lile lichongwe. Mchungaji aliye safarini ni mgeni kila mahali, na asipokuwa na sheria iliyoandikwa mahali panapoonekana, yuko mikononi mwa yeyote anayemsimamisha. Ukifika, usipite lango lile haraka kama wafanyavyo wapiga picha.

Turudi kwenye miguu yako. Mbwa kwanza, maana hao ndio wanaowarudisha nyumbani watembeaji wengi. Makundi yaliyobaki Abruzzo na Molise yanalindwa na mbwa weupe wakubwa wanaozaliwa na kulelewa zizini pamoja na kondoo. Kazi yao ni kupambana na mbwa mwitu, ambao bado wapo, na katika Hifadhi ya Taifa ya Abruzzo wapo hata dubu, ingawa wamebaki kama hamsini tu. Mbwa wengine bado huvalishwa kola za chuma zenye miiba ili mbwa mwitu asiwakamate shingoni. Mbwa wa namna hii hakutafuti wewe. Anataka usiingie kati yake na kondoo. Ukiona kundi, zunguka mbali, hata kama ni kuongeza nusu saa. Akikujia akibweka, simama, mikono chini, zungumza naye taratibu kwa Kiswahili chako, kisha rudi polepole ulikotoka bila kumpa mgongo. Usikimbie, usirushe jiwe, na fimbo yako usiiinue. Najua huku tumezoea kuokota jiwe mbwa akitokea. Kule tabia hiyo itakuletea mbwa watano badala ya mmoja.

Wawindaji nao ni hatari ambayo watu husahau. Msimu wa kuwinda Italia hufunguliwa Jumapili ya tatu ya Septemba na kwenda hadi mwisho wa Januari, na huo ndio wakati kondoo walikuwa wakishuka, kwa hiyo wapenda historia wengi huenda kutembea wakati huo huo. Sheria inakataza kuwinda Jumanne na Ijumaa. Jumapili ndiyo mbaya kuliko zote. Ukilazimika kutembea siku ya kuwinda, vaa rangi inayong'aa, chungwa au njano, na usikatize vichakani.

Maji: milimani chemchemi zipo na vijiji havikai mbali. Ukishashuka kuelekea Puglia kila kitu kinabadilika. Mashamba ya ngano hayana kivuli, mito mingi hukauka kiangazi, na unaweza kutembea nusu siku bila kukuta mahali pa kujaza chupa. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na Molise. Kulala si tatizo kubwa kwa sababu kuna nyumba za wakulima zinazopokea wageni, na wanapika vizuri: mkate wa jana uliochemshwa na mboga, chakula cha wachungaji hasa, na huko Abruzzo mishikaki midogo ya nyama ya kondoo utakayoitafuta tena kila jioni. Kupiga hema popote unapotaka kunakatazwa sehemu nyingi. Omba kwa mwenye shamba.

Sasa mazoezi. Una bahati ya kuishi karibu na mteremko ambao Italia nzima haina wa kuufananisha nao kwa uzuri. Panda gari hadi Chimala, kisha barabara ya Hamsini na Saba, ile yenye kona zinazohesabika kwa jina lake, hadi Matamba. Hapo ndipo penye ofisi za Hifadhi ya Taifa Kitulo. Lipa kiingilio na uchukue mwongozaji, usijaribu kupita kimyakimya. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba karibu 413, na uwanda wake uko kwenye mita 2,600 hivi. Mlima Mtorwi unafika 2,961. Wenyeji wanauita uwanda huu Bustani ya Mungu, na ukienda kati ya Desemba na Aprili utaelewa kwa nini. Okidi za ardhini pekee zimehesabiwa aina 45. Lakini wewe hujaenda kutazama maua. Nenda Septemba au Oktoba, mvua hazijaanza na ile baridi kali na ukungu wa Juni hadi Agosti umeshapungua.

Siku ya kwanza na ya pili tembea uwandani tu, saa sita au saba kwa siku, ukiwa na mzigo ule ule utakaokwenda nao Italia. Utachoka kwa namna usiyoizoea. Mtu wa milimani anajua kupanda kwa nguvu na kupumzika kileleni. Uwanda haukupi kilele, mguu unapiga hatua ile ile asubuhi hadi jioni, na hapo ndipo malengelenge hutokea. Wachungaji wa kondoo walikwenda kilomita 15 hadi 20 kwa siku kwa sababu kondoo hawawezi zaidi. Jizoeze mwendo huo huo, wala usishindane na saa. Vijana wenye nguvu wanaotaka kilomita 35 siku ya kwanza ndio tunaowakuta siku ya tatu wamekaa kando, kiatu kimevuliwa.

Kisha shuka Matema. Kutoka uwandani unavuka Milima ya Livingstone hadi Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500. Maana yake unashuka zaidi ya mita 2,000, na magoti yatakwambia ukweli wote kuhusu mzigo wako. Chukua fimbo mbili. Anza mapema, kwa sababu joto la chini hukukuta mchana ukiwa umechoka, na ndipo utakapojifunza kubeba maji ya kutosha kwa ajili ya Puglia. Viatu vizito vya ngozi sikushauri. Miguu huvimba kwenye joto. Chukua viatu vyepesi vyenye soli ya kushika, vilivyozidi namba yako kidogo.

Mteremko huo huo una sehemu ya jibu la swali lako la mwisho. Njia za kushukia ziwani hazikuanza na watalii. Wakinga walikuwa wahunzi, na majembe na mikuki yao ilishuka kwa miguu kwa Wanyakyusa, ambao hawakuwa na chuma chao wenyewe. Wakisi wa pwani ya ziwa walifinyanga vyungu, na hadi leo vinaletwa kwa mitumbwi kwenye mnada wa Lyulilo karibu na Matema. Mwingereza Frederic Elton alivuka uwanda wa Kitulo mwaka 1877, Wazungu wakaupa jina lake, lakini alipita kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wakiikatiza kwa biashara zao kabla yake. Kwa hiyo njia za kale tunazo. Ni za jembe, chungu na chumvi zaidi kuliko za kondoo. Kondoo wa Nyanda za Juu ni wachache wachache, wanachungwa karibu na nyumba na kurudi zizini jioni. Hawajawahi kuwa na sababu ya kusafiri wiki mbili, maana theluji haipo.

Kuswaga mifugo mbali kupo bondeni, Usangu. Kule ng'ombe hufuata majani na maji kati ya Ihefu, ardhi oevu ya bonde hilo, na kingo za bonde, na wengine huswagwa siku nyingi hadi minadani. Njia hizo za ng'ombe ndizo ndugu wa kweli wa tratturo za Italia. Lakini nakuomba usizigeuze kuwa njia za matembezi. Tangu wafugaji waondolewe Ihefu mwaka 2006 na 2007, na baadaye sehemu ya Usangu kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa Ruaha, suala la nani anapita wapi lina maumivu ambayo hayajapoa, na mtu mwenye begi na kamera akitokea anaulizwa katumwa na nani. Ukitaka kuzijua, nenda ofisi ya kijiji, eleza nia yako, ongozana na wenye mifugo kama mgeni wao.

Hapa nitasema jambo ambalo hukuniuliza. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 na ile ya nyanda za malisho ya mwaka 2010 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga malisho na kuyawekea mipaka, na mapito ya mifugo yanaweza kuchorwa kwenye mpango wa kijiji. Tatizo ni kwamba ng'ombe hawasafiri kijiji kimoja. Pito lililotengwa Mbarali likiishia kwenye shamba la mpunga la kijiji kinachofuata halina faida kwa mfugaji wala mkulima. Hispania walilielewa hili zamani. Mwaka 1273 mfalme Alfonso wa Kumi aliwapa wafugaji chama chenye hadhi ya kisheria, na njia kuu zikawa na upana wa hadi mita 75, zikivuka wilaya na majimbo. Chama kilifutwa mwaka 1836, lakini sheria yao ya mwaka 1995 bado inazilinda njia hizo kama mali ya umma, mtandao wa takriban kilomita 125,000. Kila Oktoba kondoo huswagwa katikati ya jiji la Madrid ili haki hiyo isisahaulike. Na UNESCO iliandikisha uhamishaji huu wa mifugo kwa majira kuwa urithi wa binadamu mwaka 2019, kwa Italia, Austria na Ugiriki, ikaongeza nchi nyingine mwaka 2023. Ukiwa unasoma kule, ukipata nafasi ya kuzungumza na wale wanaozipima njia hizo, uliza maswali mengi na uyaandike majibu. Huku tuna maofisa wa ardhi na wa mifugo wanaoyahitaji.

Limebaki la wakati. Wengi watakwambia Oktoba kwa sababu ya kufuata historia ya kushuka. Mimi nasema chagua mwisho wa Mei au siku za kwanza za Juni, mitihani yako ikiruhusu. Wawindaji hawapo, siku ni ndefu, nyasi za Molise ziko magotini, chemchemi zina maji, na ndio msimu ambao makundi machache yanayobaki hupandishwa milimani, kwa hiyo unaweza kukutana nayo njiani. Ukikutana nayo, kumbuka kuzunguka mbali, na msalimie mchungaji wewe kwanza.